Ukuta wa Kati

Jumatatu, 4 Machi

Likizo yangu imeanza kwa kubeba ngazi mgongoni. Miaka ishirini na sita nimechora majengo ya watu wengine, na leo ndipo ukoo umekumbuka kwamba nina kazi. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu na mkubwa wetu sote, ameniita kwenye nyumba kubwa akanipa amri tatu kabla sijavua viatu: niipime nyumba, niichore, kisha niandike barua kwamba ni imara. Nimemwambia mbili za kwanza nimezisikia, ya tatu itategemea nyumba yenyewe. Akanikazia macho kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Haraka yake ina sababu. Manispaa imetoa notisi kwamba kila nyumba kongwe ipate barua ya mtaalamu kabla mvua hazijaisha, la sivyo ifungwe na waliomo watolewe. Aliyemo ni mmoja tu, Shangazi, mwenye miaka sabini na minane. Amezaliwa kwenye chumba cha juu upande wa mashariki, na ukiondoa miezi kumi na mmoja aliyokaa kwa mume, hajawahi kuishi kwingine. Tarehe 28 Aprili ukoo mzima utakutana ukumbi wa juu, na Baba Mkubwa anataka kuisoma barua yangu mbele yao.

Shangazi alinipokea mlangoni. "Rula wangu!" Ananiita hivyo tangu nikiwa na miaka saba, nilipopima ngazi zake kwa rula ya shule nikamwambia vidato viwili havilingani. "Pima, mwanangu, pima kila kitu. Mimi tu usinipime, siku hizi nimefupika."

Ningemchorea hata nyumba ya mbinguni mama yule.

Jumatano, 6 Machi

Chini nimemaliza. Babu wa babu alijenga ghorofa ya chini kwa mawe na chokaa, kuta unene wa sentimita sitini na tano, vyumba kumi na viwili, madirisha madogo ya mtu asiyemwamini jirani yake. Mwanawe akapandisha ghorofa ya juu: ukumbi wa mita kumi na nne kwa sita, madirisha kumi na moja, dari la mbao lililo juu kiasi kwamba ukipiga chafya unasubiri mwangwi. Babu yangu naye akaweka ngazi pana ya mbao inayogawanyika mara mbili, ili mgeni achague ashuke kulia au kushoto. Kila kizazi kimeongeza kitu juu. Sijaona aliyejishughulisha na chini.

Picha zao zimepangwa ukutani kando ya ngazi, ndani ya fremu nyeusi. Wote wana pua ya Baba Mkubwa na wote wamenuna.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Nyumba inanuka vumbi lililolowa.

Kwenye ukumbi wa juu kuna nyufa tatu, zote katika ukuta wa kati. Huo ndio uti wa mgongo wa nyumba: unakwenda kutoka mwisho hadi mwisho, umebeba paa, na boriti zote za sakafu ya ukumbi zimelala juu yake. Nyufa zimepanda kwa mshazari, na mbili zinaelekeana kama watu wanaotaka kusalimiana. Sijazipenda.

Nimemwita Fundi Chokaa. Mzee huyu amekuwa akiipiga lipu nyumba hii kila mwaka kwa miaka thelathini na saba, na jina lake la kweli nadhani hata mkewe amelisahau. Alinikatia vipande sita vya kioo chembamba, navyo nimevigandisha kwa plasta juu ya nyufa, viwili kila ufa, kila kimoja kina tarehe na saini yangu. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kinapasuka.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Fundi alisema, mwiko begani. "Niache nizibe."

"Mmeziba miaka thelathini na saba, Fundi. Methali hiyo ndiyo iliyowaponza."

Alicheka mpaka akakohoa. Shangazi alikuwa amekaa kitini akinishikia kalamu. Aliuliza kila kitu, plasta inachanganywaje, inachukua muda gani kukauka, kwa nini kioo na si karatasi. Nami nikamweleza kwa raha, maana ofisini kwetu hakuna anayeuliza.

"Na kikivunjika?"

"Nyumba inafungwa, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia kalamu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimechora madirisha.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Vioo vizima, vyote sita.

Alhamisi, 21 Machi

Nimegombana na Baba Mkubwa. Alikuja na mkongojo wake na Fundi nyuma, akaagiza ukumbi wote upigwe lipu na chokaa kabla ya mkutano. Nikasimama mbele ya vioo nikasema asiyetaka barua na apige lipu.

"Nyumba hii imesimama kabla hujazaliwa," alisema.

"Na mimi nimesimama hapa kabla hujafika."

Fundi akainamisha uso asionekane anacheka. Mwishowe tumekubaliana wapige kuta nyingine zote, ukuta wa kati uachwe. Wakati Baba Mkubwa anatoka nilimwona akiweka kiganja kwenye ule ufa mkubwa, akakiacha hapo muda mrefu. Nimeandika pembeni mwa daftari: *huyu nimchunge.* Anaweza kuvibandua vioo ili apate barua yake.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimejua, na natamani nisingejua.

Kila nilipoweka mchoro wa juu juu ya mchoro wa chini, haiingiani. Ukuta wa kati upo juu wote. Chini, katikati, umekatika mita saba, pale penye sebule kubwa ya wageni. Unaona boriti nene tu darini, imepakwa chokaa nyeupe. Nilipanda ngazi nikaigonga. Jiwe lina sauti yake, na hii haikuwa sauti ya jiwe. Nikamwambia Fundi abandue lipu kidogo.

Ilibanduka yenyewe, tabaka kwa tabaka, nimehesabu kumi na tisa. Ndani mna vyuma viwili vya reli, vimelazwa sambamba, vimeliwa na kutu mpaka vinamenyeka kwa kidole. Juu ya vyuma hivyo umekaa ukuta wa mawe, paa, na ukumbi wenye nafasi ya watu mia.

"Nani aliutoa ukuta?" nilimuuliza Fundi.

"Mimi nimeukuta umeshatoka."

Shangazi ndiye aliyenijibu, jikoni, bila kuinua macho kwenye vitunguu. Ulitolewa kwa ajili ya harusi yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hapo palikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta huo, na yeye alitaka akishuka ngazi wageni wote wamwone kwa pamoja, wasimwone kwa mafungu. Alimwomba baba yake. Baba yake hakuwa na binti mwingine. Wakavunja kwa siku nne, wakaingiza reli, wakapaka.

"Nikashuka. Walinyamaza wote, Rula. Watu mia mbili." Akafuta macho kwa mkono wa kitunguu, akazidi kulia. "Halafu mume mwenyewe akafa ndani ya mwaka, nikarudi kupanda ngazi zile zile."

Nikachukua kisu, nikamsaidia kukata.

Jumatatu, 1 Aprili

Vioo vizima. Siamini bahati yangu. Huenda reli zilikwisha kulegea kadiri ya kulegea na ukuta umetulia zamani. Hutokea. Nimeyaona majengo yaliyoinama yakaishi kuliko wachoraji wake.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua ya siku mbili bila kupumzika. Mlango wa chumba cha Shangazi umegoma, tumeusukuma wawili. Shangazi anasema mbao huvimba masika. Kweli huvimba. Vioo vizima.

Amefunga kitambaa kwenye kidole gumba. Kisu, anasema. Na picha za mababu zimeshushwa ngazini, zimepangwa sakafuni zimegeukia ukuta. "Nazisafisha kwa ajili ya mkutano. Nao waonekane wasafi siku moja."

Jumatano, 10 Aprili

Sikulala vizuri kwa sababu ya barua. Mita saba, reli zilizooza. Moyo unasema kataa, vioo vinasema kubali. Nimefundishwa kuamini kipimo. Na mbele ya macho yangu yupo Shangazi na mabegi yake barabarani.

Jumapili, 14 Aprili

Nimetia saini. Nimeandika kwamba ukuta haujaonyesha mwendo wowote kwa wiki tano za mvua, kwamba ukumbi unaweza kutumika, ila vyuma vibadilishwe kiangazi. Baba Mkubwa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani. Nilitegemea atashangilia. Akaniuliza tu, "Una hakika, mwanangu?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Nikasema ninayo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Vizima.

Jumamosi, 27 Aprili



Asubuhi nilikwenda kumalizia mchoro wa ukumbi, niutundike kesho mbele ya ndugu. Kulibaki kipimo kimoja nilichokuwa nimekimwagia chai, umbali kati ya milango miwili ya ukuta wa kati. Nikapima, mita tatu na sentimita arobaini na mbili. Nikaenda kwenye daftari la Machi, nikasoma chini ya doa la chai: tatu na arobaini. Nikailaumu tepu. Nikapima tena kwa tepu ya chuma. Arobaini na mbili.

Milango haitembei. Kati ya milango hiyo kuna ufa mmoja, ule mkubwa, na juu ya ufa kuna vioo viwili vizima vyenye tarehe 9 Machi na saini yangu. Ufa umepanuka sentimita mbili na kioo hakina mkwaruzo. Nilikaa sakafuni nikakitazama. Kisha nikaona plasta yake. Yangu ilikuwa ya mwezi na nusu, hii niliibonyeza kwa ukucha ikaingia.

Nikamfikiria Baba Mkubwa papo hapo, nikashuka nikitafuta wa kugombana naye. Nikazikuta zile picha za mababu sakafuni. Nikaigeuza moja. Haikuwa na kioo. Nikageuza zote. Hakuna hata babu mmoja aliyekuwa na kioo.

Shangazi alikuwa kitandani, bati la biskuti mapajani, kama aliyekuwa akinisubiri. Alilifungua mwenyewe. Vipande vilivyovunjika, ishirini na viwili, kila kimoja kina mwandiko wangu. Vichache tu ni wangu kweli, vingine ni ule uliofanana na wangu.

"Cha kwanza kilivunjika siku ya tatu," alisema. "Nilimwomba Fundi anikatie vingine. Hakuniuliza vya nini."

"Shangazi, watu themanini wanakuja kesho."

"Watakaa saa mbili waondoke. Imesimama miaka hamsini na tisa juu ya reli hizo."

"Nimetia saini!"

"Nilijua ungetia. Kwa sababu unanipenda." Hakusema kwa ujanja. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Usiniaibishe mbele yao, Rula. Mimi ndiye niliyeomba ukuta utolewe. Niache nife humu kabla hawajajua."

Niliondoka na bati mkobani. Nilimwendea Baba Mkubwa kwake, nikamwambia nimekosea kupima, mkutano uahirishwe. Sikumtaja Shangazi. Alinitazama sana. "Wiki mbili zilizopita ulikuwa na hakika. Watu wameshapanda mabasi. Nipe sababu."

Sababu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nikashindwa kuitoa.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Walifika themanini na watatu na watoto wao. Nilisimama chini ya ngazi nikiwaambia ukumbi haufai, tukae sebule ya nje. Binamu mmoja akasema, "Kumbe hata rula hupinda," wakacheka, wakanipita huku wakinibusu. Nilihesabu miguu ikipanda. Nitakuwa mkweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma: niliwaacha wapande wote. Muda wa dakika kumi nilikuwa na bati mkononi na mdomo umefungwa, kwa ajili ya mtu mmoja.

Kisha sakafu ikatoa mlio. Si mkubwa. Ni kama mzee anayekaa kitini. Waliokuwa wakiongea hawakuusikia. Fundi aliusikia, alikuwa amesimama mlangoni, tukatazamana.

Nilipanda, nikamwaga bati mezani mbele ya Baba Mkubwa. Nikasema yote. Vioo, picha, plasta, nani na kwa nini. Nilisema huku nalia kwa sauti, si kilio cha mtaalamu.

Shangazi alikuwa ameketi mbele, amevaa vizuri kuliko wote. Akasema polepole, "Huyu mtoto amechoka. Anasema uongo."

Nimemjua miaka hamsini na miwili, na sikuwahi kuona uso ule. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akanishika bega aniongoze nje.

Baba Mkubwa alikuwa ameokota kipande kimoja. Akakisogeza machoni, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Tisa hii," alisema, "inaanzia chini kwenda juu. Mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu vibaya, chini ya ngazi hii hii, ana miaka mitano." Akakiweka mezani taratibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi pia nimeyaficha, kwa lipu. Shukeni. Wenye watoto kwanza. Pitieni kandoni mwa kuta, asikimbie mtu."

Alisimama kwenye kidato cha juu akiwahesabu mpaka wa mwisho, naye hakushuka mpaka wamekwisha. Nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu kama mwizi.

Shangazi alikataa kusimama. Mimi na Fundi tulimbeba na kiti chake. Kwenye ngazi alitazama tu ile sebule ikimjia, tupu.

Jumamosi, 4 Mei

Manispaa imefunga nyumba. Shangazi yuko kwangu, chumba cha mbele. Anakula, anaoga, anajibu salamu za majirani. Mimi hanijibu. Ofisini nimejieleza kwa maandishi, na wanafikiria kama leseni yangu ibaki.

Nyumba imesimama. Ndugu wananipigia simu kuniuliza, kwa heshima kabisa, kama bado imesimama.

Jumanne, 7 Mei

Mvua zimekwisha. Fundi Chokaa amekuja kumjulia hali Shangazi. Wameongea barazani kwa sauti ya chini. Nilipoleta chai wakanyamaza. Nikafurahi kwamba angalau kuna mtu anayezungumza naye.

Alhamisi, 9 Mei

Saa nne asubuhi, jua kali, anga halina hata wingu. Nilisikia nikiwa sokoni, mitaa mitatu kutoka hapo, nikadhani ni lori limemwaga kokoto. Nilipofika, kuta za nje zilikuwa zimesimama na madirisha yake, na ndani hakuna kitu. Ukumbi wote ulikuwa umeketi kwenye sebule. Vumbi lilikuwa bado linapanda. Watu wa manispaa walifungua kufuli la mbele mbele yetu, mtu anasema alhamdulillahi, mwingine anamshukuru Mungu kwa namna yake, na binamu yule wa rula akanikumbatia.

Nilirudi nyumbani mbio. Nitakiri, nilikuwa na furaha mbaya ndani yangu. Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kweli.

Shangazi alikuwa amesimama barazani amejishika nguzo. Alikuwa ameusikia mshindo.

"Imeanguka," nikasema. "Hakuna aliyeumia. Ilikuwa imefungwa."

Akafungua mdomo, mara ya kwanza kwangu kwa siku kumi na moja. "Fundi ametoka?"

"Fundi gani? Nyumba ina kufuli."

"Ana ufunguo wa mlango wa nyuma," alisema. "Nilimwambia azibe nyufa kwanza, manispaa wakija kukagua waone safi."

Ijumaa, 10 Mei

Walimfikia Fundi jana saa tisa alasiri, kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Baba Mkubwa alikaa kwenye kifusi muda wote akimwita, kwa jina lake la kweli. Nalijua sasa. Sikuhitaji kulijua hivyo.

Leo Shangazi ameniomba nimpeleke msibani. Nilimwambia si lazima, hakuna aliyejua Fundi alikwenda kufanya nini mle ndani, watu wanadhani alifuata vifaa vyake. Alivaa viatu huku nikiongea.

Mke wa Fundi alikuwa chini kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Shangazi alikataa kiti. Alishuka chini taratibu, goti kwa goti, mpaka nyuso zao zikawa sawa, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu chumbani, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemtuma."

Mke wa Fundi alimtazama, kisha akamshika mkono wenye kile kidole gumba chenye kovu.

"Najua, bibi. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia nyumba ile imefungwa na wataalamu," alisema. "Akanicheka. Akasema mama yule ana akili, hawezi kunituma mahali penye hatari."